"Mama, Yesu Naye Alikuwa na Bomu?"

Ilikuwa Jumapili jioni, tarehe 20 Januari 2019. Jumanne iliyotangulia, washambuliaji wa Al-Shabaab walikuwa wameingia katika majengo ya hoteli ya DusitD2 hapa Nairobi, na watu 21 wakapoteza maisha. Juma zima redio haikuzungumza jambo jingine. Mwenzetu mmoja wa chama chetu cha akina mama alikuwa jikoni akikata sukuma wiki, na mwanawe wa miaka saba ameketi kwenye kigoda akichambua mchele. Asubuhi ile mtoto alikuwa amekwenda shule ya Jumapili, akafundishwa kwamba Bwana Yesu alijitoa mhanga kwa ajili yetu. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amesikia katika taarifa ya habari kwamba mmoja wa wale washambuliaji alikuwa "wa kujitoa mhanga." Akayaweka mambo hayo mawili pamoja, kama watoto wafanyavyo, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kuinua macho kwenye mchele wake:

"Mama, Yesu naye alikuwa na bomu?"

Mwenzetu akamwambia aende akaoge.

Alipotusimulia habari hiyo Alhamisi, siku ya mkutano wetu, kwanza tulicheka. Kisha tukanyamaza. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, wenye watoto na wengine wajukuu, na hapakuwa na hata mmoja mwenye jibu mkononi. Mmoja akasema mtoto wa umri ule hawezi kuelewa mambo ya kufa kwa ajili ya wengine, heri aachwe acheze. Mwingine, mama wa makamo ambaye kwa kawaida hasemi sana, akamjibu kwamba mtoto aliyeuliza swali kama lile amekwisha kuona jambo ambalo sisi wakubwa hatujaliona, yaani kwamba tumeyapa matendo mawili yasiyofanana hata kidogo jina moja.

Naye alisema kweli. Tulipokuwa wasichana, kujitoa mhanga kulikuwa sifa. Mama aliyeingia katika nyumba inayowaka moto amtoe mtoto wa jirani, huyo alijitoa mhanga. Baadaye waandishi wa habari walihitaji neno la kumwita mtu anayejifunga mabomu na kujilipua katikati ya watu, wakalichukua lilelile. Sisi tuliokwisha kukomaa twajua kulitenga moja na jingine. Mtoto hajui. Yeye husikia neno tu, na neno hilo amelisikia kwa mwalimu wake wa Jumapili na kwa msomaji wa habari katika juma lilelile.

Na watoto wetu wamesikia mengi. Tarehe 30 Septemba 2012 guruneti lilirushwa katika shule ya Jumapili ya kanisa la Kianglikana la St Polycarp, Juja Road, Nairobi. Mtoto mmoja akafa na wenzake wakajeruhiwa, nao walikuwa wamekwenda kumwimbia Mungu tu. Septemba mwaka 2013 ikaja Westgate, watu 67. Aprili mwaka 2015 kikaja Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148, wengi wao wanafunzi. Kwa hiyo kuuliza kama watoto wetu wako tayari kusikia habari za kifo cha namna hii ni kuchelewa. Wamekwisha kusikia. Lililobaki ni kujua wamesikia nini.

Amelala, ametutoka, ametangulia

Hebu tuanze na kifo chenyewe, maana mtoto asiyejua kufa ni nini hawezi kujua mtu aliyetoa uhai wake ametoa nini.

Lugha yetu ina heshima nyingi mbele ya kifo. Twasema amelala, amepumzika, ameitwa, ametangulia, ametutoka, ametuacha. Kwa mtu mzima maneno hayo ni kama leso laini ya kufunikia kidonda. Kwa mtoto wa miaka minne ni habari kamili. Aliyelala ataamka. Aliyetangulia tutamkuta mbele ya njia. Na aliyetuacha ametuacha kwa kupenda kwake, labda kwa sababu mimi nilivunja kikombe chake. Mmoja wetu alikumbuka jinsi mwanawe wa miaka minne, baada ya maziko ya babu yake wakati wa mvua, alivyolia usiku kucha akitaka babu apelekewe blanketi. Watu wa nyumbani walidhani analia kwa majonzi. Sivyo. Alikuwa amekasirika kwamba watu wazima wote wale wamemwacha mzee kwenye baridi.

Mtafiti wa Hungaria, Maria Nagy, aliwauliza watoto karibu 400 wa mji wa Budapest, wa kati ya miaka mitatu na kumi, maoni yao kuhusu kifo, na matokeo yake yakachapishwa kwa Kiingereza mwaka 1948. Wadogo wa chini ya miaka mitano walikiona kama usingizi au safari. Wengi wa miaka mitano hadi tisa walikifikiria kama mtu fulani ajaye kuchukua watu, hata mwenye mbio aweza kumponyoka. Wakubwa kuliko hao walijua kuwa ni mwisho wa uhai wa mwili, nao utamfikia kila mmoja. Watafiti waliofuata wameona kwamba watoto wengi huyafahamu mambo makuu kati ya miaka mitano na saba, kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake hauoni njaa wala baridi tena, na kwamba kila chenye uhai kitakufa. Sisi twadhani mtoto wa kijijini, ambaye amemwona kuku akichinjwa na ndama akizaliwa amekufa, yuko mbele kidogo ya yule wa mjini ambaye nyama huifahamu kwenye sahani tu.

Basi akina mama, tuseme "amekufa." Neno ni zito, lakini mtoto akilipata kutoka mdomoni mwa mama yake, akiwa amepakatwa, halimvunji. Imani yetu ya ufufuo haipungui kwa kusema hivyo. Hata Pasaka yenyewe haina maana kwa mtu ambaye hajaelewa kwamba Ijumaa Kuu mtu alikufa kweli.

Basi la Mandera

Sasa tuje kwenye kujitoa. Baada ya mkutano ule tulikubaliana kwamba yule mwenzetu amjibu mwanawe kwa kumsimulia kisa cha kweli, nasi tukachagua cha basi la Mandera. Tuliona afadhali kuanzia hapo kuliko kuanzia kwenye mahubiri.

Tarehe 21 Desemba 2015 basi lenye abiria zaidi ya 60 lilikuwa likitoka Nairobi kwenda Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya. Karibu na El Wak watu wenye bunduki, wanamgambo wa Al-Shabaab, wakalisimamisha. Wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Kila abiria alijua maana ya amri hiyo, kwa sababu mwaka mmoja tu kabla yake, Novemba 2014, basi jingine lilitekwa karibu na Mandera na watu 28 ambao si Waislamu wakatengwa na kuuawa. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Wanawake walikuwa wamewapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujifunika kichwa ili wasitambulike. Abiria wakawaambia wenye bunduki kwamba wawaue wote pamoja au wawaache wote. Siku ile watu wawili waliuawa, lakini basi lile halikuwa kama lile la mwaka 2014.

Miongoni mwa waliokataa alikuwa Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, naibu wa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Alipigwa risasi. Akiwa hospitalini aliwaeleza waandishi wa habari kwamba watu wa dini hizi mbili ni ndugu na wanapaswa kuishi pamoja kwa amani. Januari 2016, karibu mwezi mmoja baada ya shambulio, akafa akiwa bado anatibiwa Nairobi, akawaacha mke na watoto. Mwaka huohuo taifa lilimpa nishani ya ushujaa. Kisa cha basi lile kimetengenezewa filamu fupi iitwayo "Watu Wote," iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Watoto wakubwa kidogo waweza kuitazama pamoja na mzazi. Wadogo tusingewaonyesha. Kusimuliwa kwawatosha.

Kabla ya mwenzetu kwenda kusimulia, tulisimuliana wenyewe kwa sauti, kama mazoezi. Hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo hatukulitazamia. Kila mmoja wetu aliposimulia, aliharakisha kufika mwisho, yaani kwenye kifo na nishani. Tulisema "alijitoa afe" kana kwamba kufa ndiko alikokuwa akikutafuta. Lakini mwalimu yule hakupanda basi ili afe. Alipanda ili afike. Alitaka yeye afike, na jirani yake afike, na Mkristo asiyemjua afike. Alipoambiwa kwamba yeye aweza kufika endapo atakubali mwenzake asifike, akakataa. Hilo tu.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la bomu, na mtoto wa miaka saba aweza kulielewa bila taabu. Mwenye bomu alitaka watu wasirudi nyumbani. Mwalimu alitaka wote warudi. Hata Bwana wetu, usiku ule pale Gethsemane, hakuonyesha kukipenda kifo. Aliomba kikombe kimwepuke kama ingewezekana, na jasho likamtoka. Twawafundisha watoto wetu msalaba, lakini mara nyingi twairuka ile bustani, na kwa kuiruka twawaachia watoto picha ya mtu aliyetaka kufa. Baadaye twashangaa wakiuliza habari za bomu!

Waliyouliza

Mwenzetu alisimulia kisa hicho nyumbani kwake Jumamosi, mbele ya watoto wake watatu, wa miaka mitano, saba na kumi na mmoja. Akatuletea maswali yao.

Yule wa miaka mitano hakuuliza lolote kuhusu bunduki wala dini. Aliuliza, "Sasa watoto wa mwalimu nani anawapeleka shule?"

Twaomba msomaji asilipite swali hili haraka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Anna Freud na Dorothy Burlingham waliendesha nyumba za kulea watoto huko Hampstead, London, mji ukipigwa mabomu. Waliona kwamba mtoto mdogo aliyekuwa karibu na mama yake, na mama huyo ametulia, aliweza kustahimili hata usiku wa mabomu. Lililomwumiza zaidi lilikuwa kutenganishwa naye. Mtoto mdogo basi akisikia kisa cha shujaa, hajiweki mahali pa shujaa. Hujiweka mahali pa mtoto wa shujaa. Sisi tunasikia upendo mkuu, naye anasikia kwamba kuna baba ambaye hakurudi. Wote wawili tumesikia sawasawa, na haifai mmoja amwambie mwenzake amekosea.

Kwa hiyo swali lake lijibiwe kwanza, tena kwa mambo ya kushikika. Wana mama yao, wana ndugu za baba, wana walimu. Na wewe, mama yako asipokuwepo, yupo shangazi yako fulani, yupo nyanya, na simu ya nyanya imeandikwa hapa ukutani. Baada ya kuhakikishiwa hayo, mtoto aweza kusikiliza yaliyobaki.

Wa miaka saba, yule wa mchele, aliuliza kwa nini mwalimu hakusema tu, "Mimi ni Mwislamu," akakaa upande wake. Kwa kuwa kweli alikuwa Mwislamu, kusema hivyo usingekuwa uongo. Mama yake alisema alikaa kimya muda mrefu. Mwishowe akamwuliza kama angekuwa yeye na rafiki yake wa jirani, ambaye ni Mwislamu na hula kwao karibu kila Jumamosi. Mtoto akasema, "Aa." Hakuongeza neno, akaenda nje. Twaamini alielewa.

Wa miaka kumi na mmoja aliuliza kwa nini Mungu hakumponya mwalimu, hali alikuwa amefanya jambo jema na alikaa hospitalini karibu mwezi mzima, tena madaktari walikuwepo. Hilo mwenzetu hakuweza kulijibu, na akamwambia hivyo. Tulipozungumza, wengine wetu waliona angemwambia kwamba Mungu alimpenda zaidi akamchukua. Twalipinga jibu hilo kwa nguvu zote. Mtoto mwenye akili atajiuliza mara moja: je, nikiwa mwema sana, nami nitachukuliwa? Tumewahi kumwona mtoto aliyeogopa kuwa mwema kwa sababu hiyo, na kumwondolea hofu ile kulichukua zaidi ya mwaka.

Nani anyoshe mkono?

Kuna jambo moja linalotuchoma, nasi tutalisema. Katika kanisa moja ambalo hatutalitaja, mwalimu wa watoto aliwauliza wadogo wa miaka sita hadi tisa, "Wenye bunduki wakiingia hapa wakauliza nani Mkristo, nani atakayesimama?" Mikono yote ikanyoshwa, isipokuwa ya msichana mmoja. Akaambiwa aombe apewe imani. Usiku ule mtoto huyo alikojoa kitandani, na Jumapili mbili zilizofuata tumbo lilimwuma asubuhi.

Tunajua mwalimu yule hakuwa na nia mbaya. Lakini alimtaka mtoto atoe kitu ambacho bado hajui ni chake. Uhai wa mtoto uko mikononi mwetu. Kazi yetu ni kuulinda, na kazi yake ni kukua. Wenye bunduki wakija, la kumfundisha mtoto ni kulala chini, kujificha, kunyamaza, kumfuata mtu mzima anayemjua, na kutorudi nyuma kuchukua mkoba. Hiyo siyo kumkana Mungu. Hata mama yake Musa alimficha mtoto kwenye kisafina kati ya matete, na hakuna aliyemwona mwoga.

Mtauliza, mbona kuna vijana waliosimama? Wapo, nasi hatuwasahau. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, katika shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, waasi waliwakuta wanafunzi madarasani wakijisomea, wakawaamuru Wahutu na Watutsi wajitenge. Wanafunzi wakajibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Sita waliuawa usiku ule na wengine wengi wakajeruhiwa. Leo wanafunzi wa Nyange wamo katika orodha ya mashujaa wa taifa lao. Majuma sita baadaye, tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, vijana waliamriwa vivyo hivyo, wakakataa kutengana. Waseminari 40 waliuawa.

Lakini hawa hawakuwa watoto wa miaka sita. Walikuwa vijana wa sekondari, baadhi wamekwisha kupita miaka 20. Hasa tungependa mama mwenzetu afikirie jambo hili: usiku ule hapakuwa na nafasi ya mtu kufundishwa lolote. Walijibu kwa yale waliyokuwa nayo. Na waliyokuwa nayo yalitokana na kulala bweni moja, kula sahani moja, kuazimana kalamu na kuzungumza, miaka mitatu tu baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yaliyowaacha wengi nchini Rwanda bila wazazi. Ukitaka kumwandaa mwanao, anzia kwenye rafiki yake wa Jumamosi na sahani yake ya pilau. Usianzie kwenye bunduki.

Na kama kifo kimeingia nyumbani kwako hasa, kama baba au dada wa mtoto alikufa akimlinda mwingine, tafadhali asiambiwe, "Usilie, baba yako ni shujaa." Watu watasema hivyo msibani, kwa nia njema, na mama hutaweza kuwazuia wote. Lakini wakiisha kuondoka, mwambie aweza kulia, tena aweza kumkasirikia baba yake. Tumemsikia kijana mmoja, sasa ni mtu mzima, akisema kwamba kwa miaka mingi alijiuliza kwa nini baba alimchagua mtu mwingine asimchague yeye, na hakuthubutu kulisema neno hilo kwa kuwa ukutani kulikuwa na picha ya baba imefungwa utepe wa bendera. Alihitaji mtu wa kumwambia kwamba baba hakuwa na muda wa kuchagua kati yao. Alimwona mtu mbele yake, akanyosha mkono.

Mwenzetu wa jikoni aliulizwa swali moja la mwisho, nalo lilitoka kwa yuleyule wa miaka saba, siku kadhaa baadaye, wakiwa njiani kutoka dukani. "Na wewe Mama, ungekataa kuhama upande?"

Alituambia alitaka kusema ndiyo, kwa kuwa yeye ni mama Mkristo na kiongozi wa maombi. Alitaka pia kusema hapana, kwa kuwa mkono mdogo ulikuwa umeshika wake. Akasema, "Ningetaka sana kurudi nyumbani kwako. Na ningetaka yule mama mwingine naye arudi kwa wake."

Mtoto akatembea hatua kadhaa, akiupiga teke mfuniko wa chupa. Kisha akauliza kama wale Wakristo, walipofika Mandera, waliwarudishia wale akina mama vitambaa vyao. Mama yake akasema hilo hajui, lakini angekuwa yeye angevifua kwanza.